Bastola ya zamani inasumbua? Soma dalili kwanza kabla hujalaumu umri

Nina Browning Hi-Power ya chuma kitupu, huu mwaka wa 14 naibeba. Mi ni mtu wa mazao, nakaa Uyole, Mbeya, nachukua mchele Usangu na viazi Umalila, na siku nyingine napanda Chunya kudai hela kwa watu wa migodini, kwa hiyo leseni niliiomba kwa sababu ya kweli. Kila baada ya muda mtu ananiuliza kwa nini nisitafute Glock nikapumzika. Glock ni bastola nzuri sana, sina ugomvi nayo, Glock 17 ipo tangu 1982, inabeba risasi 17 na bila magazini (kile kibebeo cha risasi kinachoingia kwenye mshikio) haifiki hata gramu 650, wakati ya kwangu tupu inacheza kwenye gramu 900 na inabeba 13. Lakini ule uzito unaoniumiza kiunoni ndo unaomeza mtikisiko nikipiga, mkono wangu unaijua, na ikianza kusumbua najua pa kuangalia.

Hapo kwenye kusumbua ndo nataka tukae. Watu wengi wenye bastola na rivolva za zamani, ikigoma mara moja tu wanasema "imezeeka hii", wanaitupa kwenye sefu au wanampa fundi wa kulehemu geti aichokonoe. Chuma kizuri hakigomi kwa sababu ya miaka. Kinagoma kwa sababu ya risasi mbaya, magazini iliyopinda, uchafu uliojificha au springi iliyochoka, na mara nyingi ni kwa mpangilio huohuo niliouandika. Ukiufuata huo mpangilio hutapoteza hela kubadilisha kitu kizima.

Kwanza hakikisha iko tupu, na kwa mpangilio sahihi

Toa magazini KWANZA. Halafu vuta slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma) nyuma, ishikilie, angalia chembani (tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa) kwa macho, ingiza na ncha ya kidole kidogo uguse. Ukianza na slaidi ndo ukatoa magazini, slaidi ikirudi inasukuma risasi nyingine chembani, halafu we unatoa magazini ukiamini iko tupu kumbe moja imekaa inakusubiri. Kwa rivolva fungua silinda, hesabu matundu yote sita kwa kidole. Risasi zote ziende chumba kingine kabisa, sio mezani palepale.

Na karatasi zako ziwe safi. Tangu sheria ya silaha na risasi ya 2015 mambo ya leseni hayana mzaha, na silaha ya urithi sio yako kwa sababu baba alikuachia, marehemu akishazikwa peleka polisi, uombe kwa jina lako. Fundi naye awe anayetambulika na polisi. Mi wangu ni mzee mmoja wa Iringa aliyekuwa fundi silaha jeshini, mengi humu nimeyapata kwake.

Dalili: unabonyeza triga, inalia "ta", halafu kimya

Usiigeuze kuitazama. Iache ielekee kwenye shabaha, hesabu sekunde 30 taratibu, kwa sababu kuna risasi inayochelewa kuwaka, inawaka ukiwa umeshaanza kuishusha. Zikiisha 30 ndo utoe ile risasi na uangalie kitako chake, kile kiduara cha katikati, fataki yenyewe. Majibu yote yako pale.

Kama shimo la pini (ile sindano inayogonga fataki) ni zuri, la kina, katikati, basi bastola imefanya kazi yake, mbovu ni risasi. Mimi niliwahi kununua boksi kwenye duka moja, sitalitaja, zilikuwa na ukoko wa kijani shingoni nikaambiwa "zifute tu mzee zinapiga", na kati ya kumi za kwanza nne zilikaa kimya. Ukoko wa kijani maana yake unyevu umeshatembea humo. Tena kuna kosa tunalofanya wenyewe, mtu anapulizia mafuta mepesi yale ya kulegeza nati kwenye bastola iliyojaa risasi, yale mafuta yanapenya pembeni ya fataki yanaiua polepole. Chemba na magazini vikaushwe kabla ya kujaza, halafu risasi za kubebea ziondoe kila mwaka, zipige shabaha, weka mpya.

Kama shimo ni la juujuu, kama limeguswa na kucha, hapo ni bastola. Njia ya pini imejaa grisi iliyoganda, au springi ya nyundo imechoka, au ncha ya pini imelika. Kuna kipimo rahisi cha penseli: hakikisha tupu mara mbili, tumbukiza penseli mtutuni upande wa kifutio utangulie ukae kwenye sahani ya pini, elekeza juu, koki, bonyeza. Penseli inatakiwa iruke itoke yote. Ikiinuka kidogo kama mtu anayeshtuka usingizini, safisha njia ya pini kwanza, rudia, ikibaki vilevile ndo ufikirie springi. (Kwa Hi-Power ingiza magazini tupu kwanza, nitaeleza chini kwa nini.)

Kwenye rivolva za Smith & Wesson kuna skrubu ndogo mbele ya mshikio, chini kule, inabana springi bapa ya nyundo. Watu wanailegeza ili triga iwe laini. Inakuwa laini kweli, na inaanza kugoma kupiga. Ibane mpaka mwisho, usiichezee tena.

Dalili: imelia kidogo, "pf", kama kizibo cha soda

ACHA. Usikoki tena, usipige nyingine kuisukuma. Inawezekana baruti haikuwaka vizuri na kichwa cha risasi kimebaki katikati ya mtutu, ukipiga ya pili nyuma yake mtutu unavimba au unapasuka na vidole vyako viko palepale. Fungua, toa risasi zote, chungulia mtutu kutokea nyuma kama unaona mwanga. Huoni mwanga, peleka kwa fundi. Hilo ndo la hatari kuliko yote humu.

Dalili: risasi haiingii vizuri, au ganda linatoka limevimba au limepasuka

Hapa ni uchaguzi wa risasi, na silaha za zamani ndo zinachanganya kuliko mpya, kwa sababu mpya nyingi ni za kipimo kimoja tu. "Tisa", yaani milimita tisa, sio tisa zote. Ile ya kawaida ni 9x19, Parabellum, ganda la milimita 19. Ya Makarov ni 9x18, fupi kidogo na kichwa chake ni kinene, milimita 9.27. Halafu ipo 9x17, fupi zaidi, inaitwa pia .380, hiyo ndo ya baadhi ya bastola za Walther PP na PPK. Zikichanganyika kwenye droo moja ukaokota haraka, nyingine itaingia chembani kama kawaida lakini haijakaa inapotakiwa. Soma maandishi ya kwenye mtutu, soma na ya kitako cha ganda, yafanane. Sio yakaribiane.

Rivolva za Kiingereza ndo zina mtego mkubwa zaidi. Webley na Enfield za .38 (kipimo cha inchi), zile Waingereza walizotumia kuanzia miaka ya 1930, zinakula .38 S&W, ganda fupi na nene, kama milimita 19.7 kwa urefu. Watu wananunua .38 Special kwa sababu ndo inapatikana na jina linafanana. Special ni ndefu zaidi, ganda lake karibu milimita 29, na ni nyembamba kidogo. Kwa chemba halisi haiingii mpaka mwisho, na hiyo ni bahati yako. Shida ni zile rivolva ambazo huko nyuma mtu alitoboa chemba ziwe ndefu ili zipokee Special, hapo inaingia vizuri kabisa, ukipiga ganda linavimba tumboni au linachanika kwa urefu kwa sababu chemba kule nyuma ni pana kuliko lenyewe, na Special ina nguvu kuliko vile rivolva ilivyotengenezewa. Ukiona maganda yana mchaniko kama hindi lililopasuka, usiendelee kupiga.

Na risasi zenye alama ya +P kitakoni ni za presha kubwa, usiipe silaha ya zamani.

Dalili: risasi inakwama njiani, pua imegonga inabaki imeelekea juu au chini

Kabla ya yote badilisha magazini. Kama tatizo limehama na magazini, umepata mchawi. Weka alama ya rangi kwenye kila magazini, moja nyekundu moja nyeupe, uandike ipi imegoma, maana kichwa kinasahau.

Chukua ile mbaya, pitisha kidole gumba juu ya midomo yake, zile kingo mbili zinazoshika risasi. Ya kwangu moja nilihisi upande wa kushoto umechomoza kama nusu ya unene wa ukucha, iliwahi kuanguka kwenye zege mdomo chini, kwa macho huoni kitu. Fundi aliitazama sekunde mbili tu akaniambia, "Mwanangu, hii nunua nyingine, midomo ikishakunjwa na kukunjuliwa haiaminiki tena." Nilikuwa nimeshapanga kumlipa asafishe njia ya risasi kwenye fremu. Asingesafisha kitu.

Kuhusu springi ya magazini, watu wanabishana kama kuiacha imejaa inaichosha. Kinachoichosha zaidi ni kubonyezwa na kuachiwa mara nyingi, sio kukaa imebonyea. Lakini springi ya tangu 1965 imeshaona yote hayo, ibadilishe tu, ni kitu cha bei ndogo.

Kama magazini zote zinagoma, angalia umbo la risasi. Bastola nyingi za kabla ya miaka ya 1970 zilitengenezwa kula risasi ya pua ya duara iliyofunikwa shaba. Ukizipa zile za kisasa zenye tundu puani, pua pana inagonga kingo ya chini. Rudi kwenye pua ya duara kabla hujaanza kumsumbua mtu asugue chuma. Hi-Power za mwanzo njia yake ya risasi ina kama kinundu, hizo ndo zinachagua chakula kabisa.

Halafu kuna ugonjwa wa risasi ya 7.65, ile .32 ya Walther PP na ndugu zake. Hiyo risasi ina ukingo mdogo kitakoni uliozidi mwili wa ganda, na ukipanga vibaya ukingo wa ya juu unaingia nyuma ya ukingo wa ya chini, magazini inajifunga kama imetiwa gundi. Kutikisa haisaidii, toa magazini, toa risasi moja moja, upange upya kila ukingo uwe mbele ya ule wa chini yake. Inatokea zaidi ukitumia risasi fupi zenye tundu, zinapata nafasi ya kutembea mbele na nyuma.

Dalili: ganda halirushwi, limesimama kwenye dirisha la kutolea maganda kama bomba la moshi

Mara nyingi ni ule ulimi unaovuta ganda. Toa, chokoa chini yake kwa kijiti cha meno, utashangaa kinachotoka. Mimi nikitoka Chunya natoa vumbi jekundu lililochanganyika na mafuta likawa kama ugoro. Ulimi ukiwa safi na makali yake bado yapo, jiangalie mkono, ukishika legelege bastola yote inarudi nyuma pamoja na slaidi, slaidi inakosa pa kuegemea. Mpe mtu mwingine mwenye kibali apige magazini moja. Kwake haikwami? Basi ni mkono wako, hamna haja ya fundi.

Dalili: slaidi inarudi polepole, haifungi mpaka mwisho, hasa asubuhi

Hii ya nyanda za juu kabisa. Mwezi wa sita na wa saba, Makete, Kitulo, Njombe, hata hapa Uyole alfajiri, grisi nzito inakuwa kama samli kwenye friji. Na kuna watu wanapaka mafuta ya nazi au ya kula! Mafuta ya nazi yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi, na Mbeya msimu wa baridi asubuhi hatuko hata karibu na hapo. Mafuta ya kula yenyewe yakikaa miezi yanageuka utomvu wa kahawia, unanata. Jamaa yangu wa Mafinga alikuja na bastola slaidi haivutiki mpaka ashikilie kwa magoti, tukaifungua ndani rangi ya asali. Tuliosha na mafuta ya taa nje uani, mbali na jiko, mswaki wa zamani, tukafuta mpaka kikavu, matone manne ya mafuta mepesi ya bunduki kwenye reli za slaidi na moja kwenye pingili ya mtutu, kile kinundu cha chini yake. Hayo tu. Ikapona pale pale.

Kama ni safi na bado inachelewa, ni springi ya slaidi. Ipime na mpya, ilale pembeni yake mezani, iliyochoka ni fupi waziwazi. Dalili nyingine ni maganda kuruka mbali kuliko zamani na mtikisiko kuwa mkali wa kugonga, chuma kwa chuma. Weka ya nguvu ileile iliyopangiwa silaha yako, Hi-Power ni paundi 17, ile bastola ya Colt 1911 ya .45 ni paundi 16. Mtu akikuambia weka ngumu zaidi "ili iwe imara" mkatalie, slaidi itashindwa kufunguka yote na utarudi kwenye maganda ya kukwama.

Dalili: silinda ya rivolva ni ngumu, inazunguka kwa kukwaruza au imekataa kabisa

Baba mdogo yuko Tukuyu, ana Webley ya .38, Mark IV, ile ya kukunjuka katikati. Alinipigia mwezi wa nne, mvua ya kule mnaijua, nikamkuta kaiweka mezani kwenye gazeti. "Shikamoo baba." "Marahaba, hii imekufa mwanangu, silinda haizunguki, nimuuzie nani?" Nikamwambia tusiizike bado.

Tukaifungua, ile nyota inayosukuma maganda ikainuka, na chini yake, palepale nyota inapolala, kulikuwa na punje za baruti ambazo hazikuungua, nyeusi, ndogo kuliko mbegu za mchicha, labda kumi na tano hivi, zimeshikana na mafuta. Ni hizo tu. Nyota haikuweza kulala chini sawasawa, ikabaki imenyanyuka unene wa karatasi, kwa hiyo vitako vya risasi vikawa vinasugua ngao ya nyuma. Mswaki, dakika tatu, silinda ikazunguka kwa pumzi. Baba mdogo akaizungusha, akaizungusha tena, akacheka.

Kwa hiyo anza chini ya nyota. Ukishindwa, angalia uso wa mbele wa silinda, masizi yakijaa pale yanagusa mtutu. Halafu angalia fataki za risasi zako, kuna risasi fataki imechomoza kidogo juu ya kitako, hiyo inakwaruza. Kwa Smith & Wesson na zinazofanana nazo angalia fimbo ya kusukumia maganda, ikijifungua skrubu inarefuka mbele na silinda haifunguki. Usilazimishe kwa koleo bila kujua inafungwa upande gani, Smith za zamani zinafungwa upande wa kawaida na za tangu karibu 1961 ni kinyume.

Hizi za kukunjuka zina tabia moja zaidi, ukifungua polepole ukielekeza mtutu chini, ganda moja linateleza linaingia chini ya nyota na yote inakwama. Elekeza mtutu juu, kunjua kwa haraka na kwa mkono thabiti, yatoke yote kwa pamoja. Na shika mtutu kwa mkono mmoja mshikio kwa mwingine, tikisa, komeo la juu likicheza hadi unasikia "tk tk" hiyo ni ya fundi.

Inakutemea chembechembe za risasi pembeni, mtu aliyesimama kulia kwako analalamika uso unachoma? Silinda haijikai sawa na mtutu. Ikiwa tupu, koki polepole sana huku kidole kikigusa silinda kwa mbali, kila tundu lazima usikie silinda imejifunga kabla nyundo haijafika mwisho. Hata tundu moja likichelewa, usiipige hiyo rivolva tena mpaka fundi airekebishe.

Yale yanayodhaniwa ubovu kumbe ndivyo ilivyozaliwa

Hi-Power ukitoa magazini triga inakufa, nyundo haishuki. Sio mbovu, ina kizuizi cha makusudi, imekuwa hivyo tangu ilipotoka 1935. Kizuizi hichohicho kinagusa uso wa mbele wa magazini ndo maana ukibonyeza kitufe haidondoki yenyewe, inabidi uivute. Nimeshaona mtu kalipia "matengenezo" ya hilo, roho iliniuma.

Enfield Na. 2 ya .38, zipo ambazo nyundo yake haina ule ulimi wa kuvutia kwa kidole gumba. Haijavunjika, ilitengenezwa hivyo, ni ya kuvuta triga tu na triga yenyewe nzito.

Tokarev TT-33, na mdogo wake wa Kichina Type 54, haina seftii (komeo la usalama) ya kidole. Hutaikuta hata ukiitafuta mpaka asubuhi. Ina nusu koki tu, yaani nyundo kushikwa katikati ya njia, na nusu koki iliyolika sio seftii.

Kubeba: hapa umri una maana kweli

Mpaka hapa nimetetea vyuma vya zamani, ila hapa nawaomba mnisikilize. Bastola mpya nyingi zina kizuizi ndani kinachoshika pini mpaka triga ibonyezwe, ikianguka haipigi. Za zamani nyingi hazina. Mwaka 1944 baharia wa Marekani alikufa baada ya rivolva ya Smith & Wesson kuanguka kwenye sitaha ya meli na kufyatuka, ndo kiwanda kikabadilisha kizuizi cha nyundo. Colt walianza kuweka kizuizi cha pini kwenye 1911 zao za Series 80 mwaka 1983, na Hi-Power za mwanzo hazina kabisa.

Kwa hiyo Tokarev bebea chemba tupu, usijadiliane. Rivolva ya zamani isiyo na kizuizi unachokijua kwa uhakika weka risasi tano, tundu la chini ya nyundo libaki wazi. Baba mdogo alinung'unika, "Nimelipia sita nibebe tano?" nikamwambia ndio baba, tano. Hi-Power yangu ni ya zamani, nabeba chemba tupu, najua ananipita kwa sekunde mwenye Glock, nimelikubali hilo, na nimefanya mazoezi ya kukoki nikiwa nachomoa mpaka mkono umejua.

Mkoba wa ngozi ukizeeka mdomo wake unalegea, ile ngozi inakunjika kwa ndani, ukirudisha bastola inaingia kwenye triga. Ukiukunja kwa vidole ukaanguka kama sikio la mbwa, tupa. Na usinunue mkoba wa "saizi zote", mpelekee mshona ngozi bastola ikiwa tupu, na wewe ukiwepo, asiishike peke yake.

Dalili: inapiga vizuri ila hupati shabaha

Bastola na rivolva za miaka ya 30 zina kilengeo cha mbele chembamba kama njiti ya kiberiti na cheusi, macho ya miaka 50 hayakioni. Paka tone la rangi ya kucha nyeupe kwenye kile cha mbele tu. Mimi nilirudi kupata sahani mita 15 siku hiyohiyo. Rivolva ikikupeleka chini kushoto, ni uzito wa triga, bila kukoki inaweza kufika paundi 12, mazoezi yake ni kubonyeza ikiwa na maganda matupu huku sarafu imelala juu ya mtutu isidondoke. Na Hi-Power ikikung'ata kati ya kidole gumba na cha shahada, shusha mkono kidogo, nyundo yake ndo inabana ngozi, hamna dawa nyingine nzuri.

Kutu

Usihifadhi bastola ndani ya mkoba wa ngozi. Ngozi inanyonya unyevu wa Tukuyu na dawa zilizotumika kuilainisha zinakula chuma, utaona madoa yenye umbo la mshono kabisa. Ukitoka baridini ukaingia chumba chenye jiko la mkaa chuma kinatoka jasho, iache dakika kadhaa, futa, paka. Kama umepiga risasi za kijeshi za zamani, fataki zake nyingi zinaacha chumvi mtutuni, na mafuta hayaondoi chumvi, maji ya moto ndo yanaondoa. Mimina, kausha, paka mafuta, siku hiyohiyo, kesho asubuhi ni kuchelewa.

Na toa vibao vya mshikio. Hapo ndo jasho la mkono linajificha miaka, kwa nje inang'aa kwa ndani ni kahawia.

Dalili: ufa

Safisha mtutu na slaidi mpaka kikavu, tia mafuta mepesi, futa tena kwa kitambaa cheupe, subiri dakika tano uangalie kwa kioo cha kukuzia. Ufa unabaki na mafuta ndani, unajichora mstari mwembamba kama unywele. Angalia pingili ya chini ya mtutu, angalia kona za dirisha la maganda, kwa rivolva angalia mtutu unapoingia kwenye fremu, sehemu ya chini kabisa.

Hi-Power yangu ya kwanza, kabla ya hii, ilikuwa na mstari wa namna hiyo kwenye kona ya dirisha, mfupi kuliko punje ya mchele. Nilimpelekea mzee wa Iringa. "Kamwene baba." "Kamwene." Akaiwasha tochi, akaitazama kwa muda, akakitoa kioo cha kukuzia machoni akanirudishia bastola bila kusema bei. Akaniuliza tu kama ipo kwenye leseni yangu, nikasema ipo, akasema basi kesho irudishe polisi uandikishe imeharibika, usiipige tena hata kwa mtihani. Nikairudisha, nikaanza kuomba kibali cha hii niliyonayo sasa.